Rugemba Alishambulia Baada ya Kufa: Namna ya Kupatanisha Nasaba na Miaka katika Mchezo wa Uhusika

Kwenye meza nyingi ugomvi huanza hivi. Mchezaji mmoja anapekua daftari lake, anainua kichwa na kuuliza: “Msimamizi, huyu Rugemba aliyetuchomea ngome si ndiye tuliyeambiwa alifia ziwani?” Mwingine anadakia kwamba aliyefia ziwani ni baba yake. Wa tatu anakumbuka kusikia kuwa huyo baba hakuacha mtoto. Dadu zinalala, chai inapoa, na msimamizi anaishia kusema, “Jamani, ni hadithi tu, tuendelee.” Wanaendelea kweli, ila kuanzia hapo kila jina la mkubwa likitajwa kuna anayeguna.

Kwa asiyeujua mchezo huu: watu wanne hadi sita hukaa mezani, kila mmoja akibeba mhusika wake katika dunia ya kubuni yenye ngome, majini na koo za watawala. Msimamizi huisimulia dunia hiyo na kuwaigiza watu wengine wote, na mambo ya bahati huamuliwa kwa dadu. Mchezo mmoja unaweza kuchukua miezi au miaka. Ndiyo maana habari za koo huongezeka kidogo kidogo, jina hapa, harusi pale, hadi siku zinapogongana.

Kugongana huko kuna tiba, na tiba yenyewe ni hesabu ya darasa la tano pamoja na subira. Ila kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvikoroga chungu kimoja.

Nasaba ni habari ya nani kamzaa nani. Orodha ya watawala ni habari ya nani kakalia kiti baada ya nani. Mfuatano wa miaka ni habari ya lini. Ukipewa majina ya mastesheni masta wote waliopita stesheni ya Tabora tangu reli ilipofika mwaka 1912, hutasema kila mmoja ni baba wa aliyemfuata. Lakini ukipewa majina kumi ya watemi, yaani watawala wa jadi, mkono unachora mti wenyewe: huyu kamzaa huyu, huyu kamzaa huyu. Hapo ndipo karibu nusu ya makosa yote yanapozaliwa.

Tazama Unyanyembe, himaya ya Wanyamwezi kule Tabora. Mtemi Fundikira alifariki karibu na mwaka 1858, na Isike alikufa Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome yake. Kati ya vifo hivyo viwili ni miaka 35 tu, na kiti kilikaliwa na watu watatu: Mnywa Sele aliyeondolewa kwa nguvu, Mkasiwa, kisha Isike mwenyewe. Anayedhani kila mtawala ni kizazi kimoja cha miaka 25 atapata miaka 75, zaidi ya mara mbili ya ukweli. Sasa vuka mpaka uende Burundi. Mwezi Gisabo alikaa kitini tangu miaka ya 1850 hadi mwaka 1908, na Mwambutsa, aliyetawazwa akiwa mtoto mdogo mwaka 1915, akakaa hadi mwaka 1966. Hapo mtawala mmoja anameza miaka hamsini. Kwa hiyo usikadirie umri wa ukoo kwa kuhesabu majina ya kitini. Hesabu vizazi, na ukipe kila kizazi miaka 25 hadi 30. Orodha ndefu mara nyingi haimaanishi ukoo wa kale. Huenda ni ukoo uliokuwa ukipinduana.

Majina nayo yana mitego yake. Wafalme wa Burundi walizungusha majina manne ya kitini: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, halafu Ntare tena. Ukisikia “enzi za Mwezi” lazima uulize Mwezi yupi. Jina Ntare halikubaki ng'ambo tu. Himaya ya Heru, huku Kasulu, ilikuwa na Mwami, yaani mtawala, Theresa Ntare. Ongeza na desturi yetu ya kumpa mjukuu jina la babu, halafu ongeza ile ya kumwita mtu kwa jina la baba yake. Shuleni nusu ya darasa huitwa kwa jina la pili. Katibu wa ngome akiandika “Rugemba” peke yake, anaweza kuwa anamtaja Rugemba, au Fulani bin Rugemba. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Maneno ya undugu ni hatari zaidi ya majina. “Baba” anaweza kuwa baba mdogo. “Ndugu” anaweza kuwa mtu yeyote wa ukoo, au hata jirani. Kwa hiyo mhusika akisema mezani “Malunde ni baba yangu,” usichore mstari hadi umjue mama aliyemzaa. Kanuni ya kufuata: kila mtu kwenye mti awe na nafasi ya mama, hata ikibaki tupu. Miti yenye akina baba peke yao huficha makosa, kwa sababu mwanamume anaweza kuzaa akiwa na miaka 20 na tena akiwa na 60. Mwanamke ana dirisha fupi, tuseme miaka 16 hadi 45, na dirisha hilo ndilo linalokamata uongo.

Kalenda mbili za dunia moja

Sisi hatupaswi kushangaa kalenda mbili. Saa mbili asubuhi kwetu ni saa nane kwenye saa ya Mzungu, na hakuna aliyekosea. Kila mmoja ameanza kuhesabu mahali pake. Koo za kubuni hufanya vivyo hivyo. Mmoja huhesabu tangu ngome ilipojengwa, mwingine tangu mababu walipofika ziwani. Tofauti ya namna hii huondolewa kwa kujumlisha au kutoa namba moja.

Tofauti ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni urefu wa mwaka wenyewe. Mwaka wa jua una siku 365 na robo. Mwaka wa miandamo kumi na miwili ya mwezi una siku 354, yaani unapungua siku kama 11. Kila mfungaji analijua hili: Ramadhani husogea nyuma kila mwaka, leo iko kwenye masika, miaka kadhaa baadaye iko kiangazi, na huchukua miaka kama 33 kurudi ilipoanzia. Ukoo unaohesabu kwa mwezi utakuwa na miaka mingi kuliko jirani yake ingawa wamekula mavuno yale yale. Kugeuza, zidisha miaka ya mwezi kwa 0.97.

Tatu, kuna mwanzo wa kuhesabu. Swali la lini arobaini inaisha linaweza kugawa msiba mzima: siku ya kifo ni ya kwanza, au ni sifuri? Vitabu vya koo vina ugonjwa huo huo. “Mwaka wa tano wa utawala wake” maana yake imepita minne. Mtawala akifa katikati ya mwaka, mwaka huo huandikwa kwake na kwa mrithi wake pia. Ukijumlisha tawala nane zinazofuatana kwa mtindo huo, umeongeza miaka saba ambayo haikuwahi kuwepo.

Na hata tukio moja linaweza kuwa na miaka mitatu ya kweli. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa, ikashushwa majini Kigoma Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ilizaliwa lini? Inategemea unamuuliza fundi, nahodha au abiria. Ngome ya kubuni nayo hivyo hivyo: kuna mwaka wa kuchimba msingi, mwaka wa kuhamia, na mwaka wa kubadilishwa jina baada ya kutekwa.

Zana na utaratibu

Programu maalumu si lazima. Karatasi mbili za manila zilizokatwa kadi, kaunta buku moja, penseli, ufutio na kalamu za rangi tatu zinatosha ukoo wa watu sitini. Ukiwa na kompyuta, Excel inafanya kazi hiyo vizuri, mradi kila mtu awe na mstari wake.

Kila mtu apate kadi moja yenye jina, baba, mama, kuzaliwa, kufa, kiti alichokalia, na habari ilikotoka. Hapo pa mwisho ndipo wengi huruka, halafu hujuta. Rangi ya kalamu ionyeshe chanzo. Bluu ni kilichochezwa mezani mbele ya wote, nyeusi ni kilichoandikwa na msimamizi kwenye maandalizi yake, nyekundu ni kilichosemwa na mhusika ndani ya hadithi. Vikigongana, bluu hushinda nyeusi. Nyekundu haishindani na yeyote, kwa kuwa mhusika ana haki ya kukosea na kudanganya, na uongo wa mtemi kuhusu babu yake ni mali ya hadithi, uuhifadhi.

Tarehe usiandike moja, andika dirisha: “si kabla ya 190, si baada ya 194.” Watu hupenda namba moja kwa sababu inaonekana safi, halafu namba hiyo ya kubahatisha inageuka sheria na kubomoa zote zinazoizunguka. Dunia halisi yenyewe haina usafi huo. Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone pale Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inauweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Waliopeana mikono ni wawili, na tarehe nazo ni mbili. Livingstone alikuwa amepotelewa na hesabu ya siku.

Kisha tafuta misumari, yaani matukio yanayotajwa na pande zote mbili: harusi, mafuriko, kupatwa kwa jua, vita. Msumari mmoja hautoshi, picha inazunguka. Ukipigilia miwili, picha imenyooka.

Sasa tuifungue kesi ya Rugemba

Dunia hii imebuniwa kwa ajili ya makala hii. Ukoo wa Mninga unatawala miomboni na kuhesabu Mwaka wa Ngome, kwa jua. Ukoo wa Mgebuka unatawala pwani ya ziwa na kuhesabu Mwaka wa Ziwa. Kitabu cha Mninga kinasema: mafuriko makubwa, mwaka 150, Kalunde binti Malunde kuolewa ziwani na Rugemba, mwaka 212, Rugemba kushambulia ngome, mwaka 238. Kitabu cha Mgebuka kinasema: mafuriko, mwaka 254, harusi ya Rugemba na Kalunde, mwaka 318, kifo cha Rugemba, mwaka 341.

Mwenye haraka atachukua harusi peke yake: 318 toa 212 ni 106. Kwa hiyo kifo cha mwaka 341 ni sawa na 235 wa Ngome, na mashambulizi ni 238. Tofauti ni mitatu, atasema 5 ilisomwa 8, atafuta na kuendelea.

Tumia msumari wa pili. Kati ya mafuriko na harusi, Mninga wanahesabu miaka 62 na Mgebuka 64. Zidisha 64 kwa 0.97, unapata 62. Basi watu wa ziwa wanahesabu kwa mwezi. Kutoka harusi hadi kifo ni miaka 23 ya mwezi, sawa na miaka 22 na ushei ya jua, kwa hiyo Rugemba alikufa karibu na mwaka 234 wa Ngome. Hatujui harusi ilikuwa mwezi gani wala kifo mwezi gani, hivyo dirisha liwe 233 hadi 236. Hesabu sahihi imelikuza pengo badala ya kuliziba, na hilo ni jambo zuri: pengo linalokua ukisahihisha kalenda linakuambia shida haikuwa kalenda. Kuna mtu mwingine hapa.

Rudi kwenye jina. Aliyeshambulia mwaka 238 aliandikwa “Rugemba” na katibu wa Mninga, mtu wa mbali, anayemjua adui kwa jina la baba. Kalunde aliolewa mwaka 212, mwanawe wa kwanza akazaliwa 213 au 214. Mwaka 238 ana miaka 24 au 25, umri wa kuongoza jeshi. Sehemu moja imekaa sawa na hakuna namba iliyofutwa.

Lakini kwa nini ashambulie nyumba ya mama yake? Hapa inabidi kumchunguza mama. “Kalunde binti Malunde.” Mtemi wa Mninga mwaka wa harusi alikuwa kweli Malunde, aliyezaliwa mwaka 183 na kukalia kiti mwaka 209 baada ya baba yake Mihayo kufariki. Tuseme Kalunde aliolewa akiwa na miaka 18, basi alizaliwa mwaka 194. Mwaka huo Malunde alikuwa na miaka 11. Hakuzaa mtu.

Kuna Malunde mwingine, babu, aliyezaliwa mwaka 140 na kufa 204. Mjukuu alirithi jina lake kama ilivyo desturi. Kalunde ni binti wa babu, kwa hiyo ni dada wa Mihayo na shangazi wa mtemi, ingawa ni mdogo kwake kwa miaka kama kumi. Yeyote aliyekulia kwenye familia ya wake watatu anamjua shangazi wa namna hiyo, anayeamkiwa na mtu mwenye ndevu.

Kuanzia hapo vita inaeleweka. Tuseme wachezaji walishaamua mapema kwamba ziwani kiti hurithiwa na mpwa, mtoto wa dada, wakati miomboni hurithiwa na mwana. Sheria hizo hazijatoka hewani. Katika baadhi ya himaya za Wanyamwezi kiti kilikuwa kikienda kwa mtoto wa dada, na karne ya 19 baadhi zikageukia watoto wa mtemi mwenyewe. Mwana wa Kalunde, kwa sheria ya ziwa aliyolelewa nayo, hana chake kwa baba. Kiti cha Rugemba kimekwenda kwa mtoto wa shangazi yake. Anachokiona kuwa chake ni kiti cha mjomba Mihayo, na machoni pake binamu yake Malunde anakishikilia tu. Baba anakufa karibu na mwaka 234, kijana anafukuzwa ikulu ya ziwani, miaka michache baadaye yuko mlangoni kwa wajomba na moto mkononi.

Mambo ambayo bado huwatega watu

Wapo wanaodhani kupatanisha ni kuhakikisha hakuna habari mbili zinazopingana. Hapana. Weka kurasa mbili: ya kushoto ni kilichotokea, ambacho msimamizi anakijua, ya kulia ni kinachoaminiwa na kila ukoo. Ya kushoto haipaswi kujipinga. Ya kulia ijipinge itakavyo, na Mninga waendelee kuamini walichomwa na maiti.

Kosa jingine ni kurekebisha kwa kumwongeza mtu. Tarehe hazikutani, basi anazaliwa “Malunde wa Tatu” wa kujaza pengo. Kila mtu wa kujaza anahitaji mama, mke, kaburi na sababu ya kutotajwa popote. Kabla ya kumzaa, jaribu kwanza kugawanya jina lililopo kati ya watu wawili, kisha kupanua dirisha, kisha kubadilisha neno la undugu. Kumwongeza mtu mpya iwe njia ya mwisho.

Na ukiwa na majini kwenye koo zako, kuwa na tahadhari. Jini anayeishi miaka 600 ni kizazi kimoja cha kwao na zaidi ya vizazi ishirini vya binadamu, lakini shida yake kubwa ni kwamba anakumbuka. Ukoo wenye bibi jini aliyehudhuria harusi ya mwaka 212 hauwezi kubishania bibi harusi alikuwa nani. Ama umfanye alikuwa safarini, ama ana sababu ya kunyamaza.

Ndoa za binamu kwa binamu nazo huufanya mti uwe wavu, mtu mmoja akitokea mara mbili. Usimwandikie kadi mbili. Kadi ni moja, mistari ndiyo miwili.

Imebaki sehemu moja ya kesi yetu, na ni kule kwenye nafasi ya mama. Sheria ya ziwa inamtaka mpwa awe mtoto wa dada wa tumbo moja. Mihayo alizaliwa mwaka 162. Tuseme mama yake alikuwa na miaka 16 wakati huo. Kalunde akiwa amezaliwa mwaka 190, mama huyo alikuwa na 44, na inawezekana kwa taabu kwamba ni tumbo moja: Kalunde aliolewa akiwa na miaka 22, na kijana ana haki yake. Kalunde akiwa amezaliwa mwaka 194, mama huyo angekuwa na 48. Hapo Kalunde ni binti wa mke mdogo, ndugu wa Mihayo kwa baba tu, na dai lote la kijana limeanguka kwa sheria ile ile anayoipigania.

Kadi ya Kalunde iandikwe kwa penseli, dirisha 190 hadi 194, nafasi ya mama iachwe tupu. Wachezaji wakitaka kuijaza, yuko mkunga mmoja mzee kule ziwani.